Baada ya kuzaa: kuinua matiti au kuweka vipandikizi vikubwa?
Simama mbele ya kioo bila sidiria, utazame chuchu. Ikiwa juu ya mkunjo ulio chini ya titi, na titi limepungua ujazo tu, kipandikizi cha silikoni, yaani mfuko laini unaowekwa ndani ya titi kwa upasuaji, chaweza kutosha. Ikiwa imeshuka chini ya mkunjo, kipandikizi kikubwa hakitainua kitu. Uzito wake utazidi kuvuta ngozi iliyokwisha kulegea. Hapo ni kuinua: ngozi ya ziada hukatwa, chuchu hupandishwa, na makovu hubaki. Mimi ningechagua kovu kuliko kipandikizi ambacho huenda kikahitaji kubadilishwa miaka ijayo. Wengine hufanya vyote viwili. Unanyonyesha bado, au unataka mtoto mwingine? Ngoja kwanza, mimba hulegeza upya.