Chumvi ya vidonge kwa mashine ya kulainisha maji

Maji ya kisima chetu hapa Kasese ni magumu: sabuni haitoi povu, birika limeota magamba meupe. Tulifunga mashine ya kulainisha maji, ambayo hutumia chumvi, na mimi kwa ubahili nikaijaza chumvi ya mawe ya Ziwa Katwe. Ziwa lenyewe si liko hapa jirani? Baada ya wiki kadhaa tope la kijivu likajaa chini ya tangi, na juu chumvi ikagandamana kama kifuniko. Ukichungulia unaona imejaa, kumbe chini ni pango tupu. Nilikigonga kifuniko hicho kwa mpini wa ufagio hadi kikaporomoka. Ya Katwe sasa naiweka kwenye maharage tu.

Siku hizi nanunua vidonge vyeupe, mfuko wa kilo 25, kutoka duka moja la Kampala. Ni ghali, na nauli ya basi juu yake. Lakini vinayeyuka bila kuacha tope, na povu limerudi. Navisubiri vishuke hadi robo ya tangi ndipo naongeza, tena sijazi hadi mdomoni. Lawama yangu ni mfuko: plastiki nyembamba mno, wa mwisho ulifika umechanika pembeni.