British Shorthair ndani ya nyumba: mpole kweli, ila upole wenyewe una mtego

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisome bure. Kama unaishi fletini, unafanya kazi za shifti, una watoto au una mzee ndani na hutaki vurugu, huyu paka nampa nyota nne kati ya tano bila kusita. Kama unataka paka wa kubebwa bebwa, wa kulala mapajani huku unampapasa mpaka usingizi ukuchukue, hapo nampa mbili tu na usije ukanilaumu. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya afya, nitafika huko, na ndo sehemu ambayo wauzaji wengi wanaipita kimya kimya.

Kwa ambao hawamjui kwa jina, huyu ndo yule paka mnene wa kijivu mwenye uso wa mviringo, mashavu yamejaa hasa akiwa dume, macho rangi ya shaba, mnamuona TikTok kila siku amekaa zake kama mzee wa barazani anasubiri kahawa. Sisi wa kwetu tumemuita Mzee, hatukufikiria mara mbili. Ile kijivu kwenye makaratasi yake inaandikwa bluu, usishtuke ukadhani umeuziwa mwingine. Na sio kijivu tu, wapo weusi, weupe, krimu, dhahabu, wenye milia, wenye mabaka, ila kijivu ndo imekuwa maarufu mpaka watu wanadhani hamna nyingine.

Asili yake ni paka wa kawaida tu wa Uingereza, wa mashambani na mitaani, waliofugwa kwa kazi ya kukamata panya. Mwaka 1871 jamaa anaitwa Harrison Weir akaandaa maonyesho ya paka pale Crystal Palace, London, na hawa wa kienyeji ndo alikuwa anawapigia debe kwamba na wao wana thamani. Yaani chukulia mtu anaenda sokoni Kariakoo anachagua wale paka wa kwenye mabucha, anawapanga vizuri, anawapa vyeti. Baada ya vita mbili za dunia wakabaki wachache sana, wafugaji wakawachanganya na mbegu zingine ikiwemo paka wa Kiajemi ili wasipotee. Hiyo ya Kiajemi muikumbuke kwa sababu haikuja na sura nzuri peke yake.

Sasa tabia, mana ndo watu wananiuliza zaidi. Upole wake sio stori ya wauzaji, ni kweli kabisa. Hapandi mapazia, haruki juu ya kabati kuangusha vyombo, wageni wakija haingii uvunguni lakini pia hawakimbilii, anawakagua kwa mbali alafu akiridhika anajilaza katikati ya sebule kila mtu amruke. Sauti yake ndogo kuliko mwili, unategemea litoke li-nyau la maana kinatoka kisauti kama hana uhakika, na mara nyingi hata hicho hakitoi, anakuja tu anakukazia macho mpaka uelewe bakuli liko tupu. Mimi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, narudi asubuhi nimechoka nalala mchana, na yeye analala, hamna anayemsumbua mwenzie.

Ila kwenye mapenzi ndo watu wanajichanganya. Huyu anataka kuwa karibu na wewe, hataki kushikwa na wewe. Ukienda jikoni yupo, ukienda kuanika nguo yupo, ukiingia chooni utamkuta nje ya mlango anakusubiri, lakini daima amekaa hatua mbili tatu pembeni. Ukimbeba anakakamaa, miguu yote minne anaisukuma mbele, hang'ati wala hakwaruzi, anasubiri tu umalize ushamba wako umshushe. Binti yangu mdogo mwanzoni alikuwa analia kabisa, "Mama, paka hanipendi," ikabidi tuweke sheria ya nyumba kwamba Mzee akiwa chini unampapasa kichwani na mashavuni, humbebi, humfuati akiondoka. Tangu sheria hiyo ipite mtoto akiwa anafanya homuweki paka yuko chini ya kiti chake kila siku. Kwa hiyo kwa watoto ni mzuri, ila kwa sababu anavumilia ndo maana mtu mzima inabidi awe mlinzi, paka mwingine angekwaruza mtoto akajifunza mwenyewe, huyu anavumilia tu mpaka anachoka anaanza kukaa mbali na watu.

Alafu msitegemee upole huo siku ya kwanza. Akiwa mtoto ni mtoto, anakimbia usiku, anapigana na kamba za viatu, anaingia kwenye mfuko wa viazi. Mbegu hii inachelewa kukua, mwili unaendelea kujaa mpaka miaka mitatu na wengine hadi mitano, na ule utulivu unakuja taratibu akishavuka mwaka. Jike kwa kawaida kilo 3 mpaka 5 hivi, dume anaweza kufika 7 au hata 8 na sio lazima awe kitambi, ni mfupa na misuli, mzito ukimnyanyua unashangaa.

Manyoya. Watu wakisikia manyoya mafupi wanajua hamna kazi. Jamani. Ni mafupi lakini yameshonana, kuna ya juu na kuna ya ndani laini yamejaa kama zulia jipya, ukipitisha kidole huoni ngozi. Brashi mara moja au mbili kwa wiki inatosha siku za kawaida, ila majira yakibadilika, baridi inaisha au inaanza, brashi ni kila siku na bado utakuta kijivu kila mahali. Mimi navaa baibui jeusi, nimeacha kushindana, roli ya kutoa manyoya inakaa mlangoni pamoja na funguo. Mwenye pumu ndani au anayepiga chafya akiona paka asidanganywe na hilo neno fupi, akakae na paka huyo kwanza saa kadhaa kwa mfugaji ndo aamue.

Haya, nyota iliyopungua. Utulivu wa huyu paka ndo raha yake na ndo mtego wake, kwa sababu paka anayelala siku nzima akiwa mzima na paka anayelala siku nzima akiwa mgonjwa hawana tofauti ukiwaangalia kutoka kwenye kochi. Ugonjwa mkubwa wa mbegu hii ni wa moyo, misuli ya moyo inanenepa, nafasi ya damu ndani inapungua. Denmark walipima paka 329 wa mbegu hii, matokeo yakatoka 2011, kati ya madume karibu mmoja kwa watano alikuwa nao, majike ni wawili hivi tu kwa mia. Soma tena hapo kwa madume. Na paka mwenye moyo huo anaweza asioneshe chochote muda mrefu, alafu ghafla damu inaganda na kuziba mshipa wa miguu ya nyuma, au anaanza kuhema mdomo wazi. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa usijiambie ni joto au uchovu tu, ni hospitali muda huo huo. Kipimo chenyewe ni ultrasaundi ya moyo, kusikiliza kwa kifaa tu haitoshi kwa sababu wengine hawatoi sauti yoyote isiyo ya kawaida.

Cha pili figo. Hapa ndo Waajemi wanarudi, kuna ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji kwenye figo ulioenea sana kwa paka wa Kiajemi na ukaja mpaka kwa hawa. Uzuri wake una kipimo cha DNA, mzazi akipimwa akawa hana basi hawezi kumpa mtoto, kwa hiyo mfugaji anayesema "paka wangu wote wazima tu, sijawahi kupata tatizo" bila karatasi muage kwa heshima.

Cha tatu ni damu, na hiki sikukijua mpaka daktari wa paka alipotuambia. Paka wengi duniani wana damu grupu A, ila kwenye mbegu hii grupu B ni wengi kupita kawaida, na paka wa B akiongezewa damu ya A mwili unaishambulia vibaya sana, anaweza kufa. Mwambie daktari ampime grupu mapema, iandikwe kwenye faili, usisubiri siku ya ajali. Wanaotaka kuzalisha ndo waangalie zaidi, mama wa B akizaa watoto wa A maziwa yake ya kwanza yanaweza kuwaua.

Na unene, huu tunausababisha sisi. Paka mvivu, amehasiwa, chakula kikavu kimejaa bakulini kutwa, unategemea nini. Wa kwetu anapimiwa kwa mzani wa jikoni, kila mtu ndani anajua gramu zake, na mgeni haruhusiwi kumpa nyama ya pilau hata aombewe na nani. Ukipapasa ubavu unatakiwa uhisi mbavu kirahisi chini ya ngozi, ukikuta godoro tu, punguza. Ila usimkondeshe kwa kumnyima ghafla, paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula ini linaweza kujaa mafuta akaugua kabisa. Na michezo sio hiari yake, mfungie kamba kwenye fimbo mzunguke naye sebuleni dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, hata kama anakuangalia kama umechanganyikiwa.

Ndugu zetu wa nyumbani wananiuliza kama inafaa kumchukua Dar, Tanga au Mombasa. Mimi nasema hapana, labda uwe na ac inayofanya kazi na umeme usiokatika, na nani anao. Lile koti la manyoya ni la baridi ya huku Uingereza tunakoishi, kumweka kwenye unyevu ule wa mwezi wa pili ni kumtesa kwa ajili ya picha. Paka wetu wa mtaani ana manyoya mafupi mepesi, anastahimili, na wapo wapole kabisa ukimpata mdogo akazoea watu. Na kama unataka mbegu yenye jina, pwani ya Kenya kuna Sokoke, katokea kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, rangi ya gome la mti, mwembamba, mguu mrefu. Ila huyo hatulii, huyo yuko juu ya feni.

Bei sasa. Huku Uingereza mtoto mwenye makaratasi anaanzia mia kadhaa za pauni na anafika elfu na kitu. Nilipomwambia mama kwenye simu alinyamaza nikadhani mtandao umekata, alafu akaniuliza, "Mwanangu, paka wa kununua? Na hapa uani wanazaliana chini ya tanki, hata wa bure hatuna wa kumpa?" Nikamwambia, "Ndo hivyo mama, na ana bima." Akamwita baba aje asikie. Hiyo bima yenyewe ichukue siku ya kwanza paka akiwa mzima, kwa sababu ugonjwa ukishaandikwa hospitali ndo unaenda kutafuta bima, ugonjwa huo hawaulipii, na ultrasaundi za moyo sio za bei ya mchicha.

Kwenye kununua, muuzaji wa kwanza tuliyempata mtandaoni alitaka tukutane parking ya supamaketi atupe paka ndani ya boksi tumpe keshi, eti mama wa paka yuko kwa dada yake. Tukaachana naye. England tangu Aprili 2020 kuna sheria ya kuzuia madalali kuuza watoto wa paka walio chini ya miezi sita, unatakiwa ununue kwa aliyezalisha mwenyewe na umuone mtoto na mama yake pamoja hapo nyumbani. Mfugaji aliyesajiliwa GCCF, chama cha Uingereza kinachosajili paka wa mbegu, hamtoi mtoto kabla ya wiki 13 na anakuwa ameshamaliza chanjo za mwanzo. Chipu nayo, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, tangu tarehe 10 Juni 2024 England kila paka awe nayo kabla hajafika wiki 20, ukikutwa hana unapewa siku 21 za kumwekea na usipofanya hivyo faini ni mpaka pauni 500, na chipu hiyo ukinunua paka lazima ubadilishe jina na namba ya simu iwe yako, watu wengi wanasahau hapo.

Alafu ukioneshwa mwenye masikio yaliyokunjwa ukaambiwa ni British wa kipekee, huyo ni Scottish Fold au kachanganywa naye. Kinachokunja sikio ni kasoro ya gegedu, na gegedu liko mwili mzima, miguu na mkia vinakuja kuuma. GCCF hawamsajili. Anavutia, najua, usimchukue.

Kwa hiyo ukienda kwa mfugaji omba karatasi ya moyo ya wazazi wote wawili, DNA ya figo, na grupu ya damu, na nenda na mtu asiyependa paka. Sisi tulienda na shemeji yangu, hataki hata kuguswa na paka, na yeye ndo aliyeuliza maswali yote mpaka mwisho, mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye zulia.