TAHADHARI: "Seti kamili ya kobe" inayouzwa kwenye makundi yetu hapa Uingereza

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa wazazi ambao watoto wamewaganda wanataka kobe, naomba msome hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Anaandika Kiswahili kizuri, anakuita dada au shemeji, anakuuliza kwenu ni wapi, kisha anakutumia picha ya kobe mdogo amekaa juu ya mchanga mwekundu chini ya taa nyekundu. Pauni 280, anasema, na kila kitu kimo: kobe, tangi la kioo, pedi ya joto ya kuweka chini, balbu, kipimajoto, na mfuko wa "mchanga wa jangwa wenye kalsiamu". Anakuletea mpaka mlangoni. Familia tatu ninazozifahamu zimenunua kwake. Kobe mmoja amekufa. Wa pili niliitwa kumwangalia nikakuta macho yamevimba hayafunguki na puani anatoa mapovu. Mwenyewe alipompeleka kwa daktari, picha ya eksirei ikaonyesha utumbo umejaa mchanga. Bili ya matibabu ilipita bei ya seti nzima.

Jina lake silitaji hapa, na namba anabadilisha kila mara. Mtambueni kwa anachouza na kwa anavyojibu.

Kobe anaowauza ni wa Horsfield, ambaye wengine humwita kobe wa Urusi. Kwao hasa ni Uzbekistani, Kazakhstani na nchi za jirani, na hapo ndipo muuzaji anapopata hadithi yake. Ukimuuliza kuhusu mchanga atakujibu hivi: "Dada, huyu ni wa jangwani, hataki maji wala unyevu." Nusu ya kwanza ina ukweli kidogo, ya pili ni uongo unaoua. Kobe huyu kwao haishi juu ya mchanga mkavu. Anachimba shimo refu kwenye udongo, na sehemu kubwa ya mwaka yumo humo, akikimbia jua kali la kiangazi na baridi kali ya huko. Ndani ya shimo kuna unyevu. Kumweka juu ya mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, ndani ya kioo, ni kumnyima shimo lake na kumkausha polepole. Akikosa maji mwilini, figo ndizo zinazoumia kwanza, wala hutaziona. Na wadogo hupata gamba la vilima vilima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya kobe wa sulcata, aina nyingine ya kobe ya Afrika, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi vilima hivyo, kuliko hata chakula chenye protini nyingi ambacho watu walikuwa wakikilaumu.

Halafu hiyo kalsiamu. Anakuambia kobe akiula mchanga huo utayeyuka tumboni na kumjenga mifupa. Mchanga wa namna hiyo ukilowa unagandamana. Kobe anakula akiwa ameinamisha kichwa chini, kila jani linabeba punje, na mnyama aliyepungukiwa na kalsiamu anaweza kuulamba kwa makusudi. Matokeo yake ni kile kilichoonekana kwenye eksirei. Kalsiamu ya kobe ni ya unga, unainyunyiza juu ya majani.

Na hapa ndipo pesa yake ya kweli ilipo. Anakuambia ukitumia tandiko lolote tofauti na lake, garantii imekufa, kwa hiyo kila mwezi ununue mfuko mpya kwake kwa pauni 18. Mama mmoja alimwambia kobe hali chakula, akamjibu kwamba mchanga umechoka, akamuuzia mwingine. Alipomwambia bado hali, akamuuzia "dawa ya hamu ya kula". Kobe alikuwa anakufa, na yeye anazidi kuuza mifuko.

Tandiko sahihi haligharimu hivyo. Nenda duka la bustani, nunua udongo wa kawaida wa juu usiotiwa mbolea, na mchanga wa kuchezea watoto ambao umeshaoshwa. Changanya, udongo uzidi kidogo. Uchambue kwa mkono: ukiona vipunje vyeupe vyepesi, huo ni udongo wa kuotesha maua, uache, kwa sababu kobe atavila. Weka kina cha sentimita 10 hadi 15 ili aweze kujifukia mzima. Mimina maji kwenye pembe za sanduku ili yashuke chini, tabaka la juu libaki kavu. Fumbata donge mkononi: likishikana bila kutoa maji, unyevu umetosha. Sehemu ya juu ikiwa imelowa na pia ni baridi, hapo ndipo magonjwa ya mapafu na kuoza kwa gamba la chini yanapoanza, kwa hiyo msizidishe. Chakula kiwe juu ya kigae au jiwe bapa. Kinyesi ondoa kila siku, udongo wote badilisha kila baada ya miezi michache.

Wengi wananiuliza kuhusu maranda ya fundi seremala, kwa kuwa ndiyo tuliyozoea kwenye mabanda ya kuku nyumbani. Kwa kobe hapana. Ya msonobari na mwerezi yana mafuta yanayounguza njia ya hewa, na mengine yote hayashiki unyevu wala hayachimbiki. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa kuchanganywa na udongo, ila peke yake yakikauka yanakuwa vumbi linaloingia machoni. Maganda ya jozi yaliyopondwa, ambayo huyu bwana anayo pia, yana ncha kali. Msiyaguse kabisa.

Sasa joto, na hapa naomba muwe makini kuliko kote, maana pedi ile ya chini ndiyo inayonitia hasira zaidi. Kobe amezoea joto litoke juu, kwenye jua. Akizidiwa anachimba ili apoe, mwili wake umejengwa hivyo tangu zamani. Ukimwekea moto chini, kila anavyochimba kukimbia joto ndivyo anavyolifuata. Gamba la chini linaungua na mwenye nyumba haoni kwa sababu hamgeuzi. Na pedi ikifunikwa na udongo mwingi, joto linajifungia na kioo kinaweza kupasuka.

Anachohitaji ni balbu ya kuota jua, nyeupe, itokee juu upande mmoja wa sanduku, na jiwe chini yake. Hapo juu ya jiwe pawe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Upande wa pili pawe nyuzi 20 hadi 22, ili achague mwenyewe. Usiku taa zote zizimwe. Kobe wa Horsfield aliye mzima hana tabu nyumba ikishuka hadi nyuzi 15, na kushuka huko ni kwa kawaida kwake. Balbu nyekundu ya usiku wanayopewa haina kazi: kobe anaona rangi, na taa ile inamnyima giza la kulala. Tangi la kioo nalo linahifadhi joto mpaka pande zote mbili zinalingana, hapo hana pa kukimbilia. Sanduku la mbao lililo wazi juu, refu angalau sentimita 120, linamfaa zaidi.

Kipimajoto chake ni kile cha mshale kinachobandikwa kwenye kioo. Kinapima kioo. Nilipofika kwa yule wa pili, mshale ulisema 30, na kipimo changu cha kuelekeza mwanga kikasoma nyuzi 46 juu ya mchanga uliokuwa juu ya pedi. Nunueni cha dijitali chenye waya, muuweke pale anapokaa kobe, na kidhibiti joto cha kuzima na kupunguza balbu.

Kitu kingine ambacho kwenye seti hakimo kabisa, ingawa tangazo linasema kimo, ni taa ya UVB, yaani inayotoa mionzi kama ile ya jua. Balbu aliyonayo imeandikwa "UV" na ni balbu ya kawaida. Bila UVB kobe hatengenezi vitamini D3, kalsiamu haiingii mifupani, na gamba linalainika. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia mionzi hiyo. Ile taa ndefu ya mrija, ya wanyama watambaao, ndiyo ya kuiwekea pesa, na ibadilishwe karibu kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu mionzi inaisha kabla ya mwanga.

Siku za karibuni ameanza kutangaza aina nyingine. Anauza kobe wa Hermann, akisema karatasi "zitafuata". Kwa hapa, kobe wa Hermann na wa Ugiriki lazima wawe na cheti cha Kifungu cha 10 (Article 10) kinachotolewa na APHA, wakala wa serikali wa afya ya wanyama na mimea, na kiwepo kabla ya kuuza. Ukilipa bila cheti, kosa linakuhusu na wewe. Kibaya zaidi ameandika kwamba anaweza kupata "kobe bapa wa kwetu". Huyo ni yule wa nyufa za mawe za Kenya na Tanzania, yumo hatarini kutoweka, na tangu mwaka 2019 amewekwa kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaani biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini imepigwa marufuku. Mtu akikugusa kwa jina la nyumbani ili umsaidie kuimaliza mali ya nyumbani, mkatalie.

Kama tayari ulishanunua: ondoa pedi na mchanga leo hii, usingoje wikendi. Mlaze kobe kwenye maji ya vuguvugu yanayofika kidevuni kwa dakika 15 hadi 20, kisha mweke kwenye udongo. Ukiona mapovu puani, macho kufunga, au hajapata choo siku kadhaa, tafuta daktari wa wanyama anayejua watambaao, ukimwuliza hilo kwenye simu kabla ya kwenda. Hifadhi meseji na picha zote za tangazo. Kama ulilipa kwa kadi ya mkopo na bei ilizidi pauni 100, dai kwa benki chini ya Kifungu cha 75 (Section 75) cha sheria ya mikopo ya wateja. Kama ulituma PayPal kwa njia ya "marafiki na familia", ambayo yeye huisisitiza sana, ulinzi wao haukuhusu, lakini bado ripoti kwa Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, ambao wataipeleka Trading Standards, idara inayosimamia biashara za haki. Na kama anafuga wengine katika hali hiyo, RSPCA, shirika la kutetea wanyama, wanapokea taarifa za England na Wales.

Anayehitaji kukaguliwa sanduku la kobe wake aniandikie, nina kipimo na nitakuja nikiwa karibu.