Fangirl ya Rainbow Rowell: uzoefu wangu kama Doto wa Tabora

Tabora ukizaliwa pacha, jina limekutangulia. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na atakayezaliwa baada yenu ni Shija. Hata ukibatizwa au ukisilimishwa kwa jina zuri kiasi gani, mtaani utabaki kuwa Doto tu. Mimi ndiye huyo. Mama yetu ni Mama Kulwa, baba ni Baba Kulwa, na sijawahi kumsikia mtu akimwita mzazi wangu kwa jina langu. Nalitaja mapema ili msomaji ajue nilikuwa nimekaa upande gani nikisoma Fangirl, riwaya ya vijana ya Mmarekani Rainbow Rowell iliyotoka mwaka 2013.

Kuipata ilikuwa shughuli. Maduka ya vitabu hapa mjini yamejaa vitabu vya kiada, Biblia, misahafu na madaftari. Riwaya ya namna hii usiitegemee. Rafiki yangu aliyeko Dar alinitafutia nakala ya mtumba akaituma kwa basi. Ilifika kona zimekunjwa, jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ya bluu ukurasa wa mbele. Ni nene, kurasa zaidi ya 400, na karibu niiweke kando kwa sababu hadithi za mapacha nimezichoka. Kwenye filamu zetu pacha mmoja ni malaika na mwingine ni jini, au mmoja anamfanyia mwenzake mtihani, au mchumba anadanganywa mpaka siku ya harusi. Fangirl haijajengwa juu ya kubadilishana sura, na hilo peke yake lilinifanya niendelee.

Cath na Wren ni mapacha wa kufanana kutoka Omaha, Nebraska. Wanaanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, si mbali na kwao. Wamelala chumba kimoja maisha yao yote, halafu Wren anamwambia mwenzake kwamba chuoni kila mtu akae na rumeti wake. Hawajagombana wala kukoseana. Wren amekata nywele, anataka marafiki ambao hawatauliza "wewe ni yupi?" Cath anaangukia chumba cha Reagan, dada aliyemzidi umri, mkali, asiye na muda wa kubembeleza mtu.

Kuna kitu kuhusu majina yao ambacho kilinisimamisha. Mama yao alikuwa amejiandaa kwa mtoto mmoja, na jina moja tu, Catherine. Walipotoka wawili, hakuhangaika kutafuta jina jingine. Akalikata hilohilo katikati, huyu akawa Cather na yule Wren. Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Sisi tumepewa namba za foleni, lakini angalau kila mmoja ana jina zima. Wale wamegawana jina la msichana mmoja ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ndogo na haina tukio lolote kubwa. Cath haendi kula. Hajui foleni ya bwaloni inaanzia wapi, trei zinachukuliwa wapi, akishapakua akae na nani, na anaona aibu kuuliza. Basi anajifungia chumbani na siagi ya karanga na vile vibiskuti vya protini, mpaka Reagan anamgundua na kumkokota kwenda kula. Nilipochaguliwa kidato cha tano, orodha ya TAMISEMI ilitutawanya, Kulwa shule yake na mimi yangu. Nilishinda na karanga na kichupa cha asali ya nyumbani, kwa sababu bwaloni kulikuwa na jambo moja nisilolijua: kushika sahani peke yangu. Nyumbani aliyekuwa akiuliza ni Kulwa, mimi nikisimama nyuma yake nikisikiliza jibu. Mwandishi hakueleza wala kufundisha. Alimnyima tu Cath chakula cha moto, nami nikajua anazungumzia nini.

Lingine alilolipatia vizuri ni wazazi. Mama aliwaacha wakiwa darasa la tatu. Baba aliyewalea ana ugonjwa wa akili. Kuna nyakati anapanda, halali, kichwa kinamwenda mbio, hadi analazwa. Sasa mama anataka kurudi maishani mwao. Wren anakubali kuonana naye. Cath anakataa katakata. Sura moja, aliyewaacha ni yuleyule, na walikuwa na umri uleule alipoondoka, lakini mmoja amefungua mlango na mwingine ameukomea. Kwangu hapo ndipo kitabu kinapowatenganisha kweli, wala si kwenye nywele. Watu wanadhani pacha akitaka kuwa mtu wake mwenyewe atabadilisha mshono wa kitenge na mtindo wa kusuka. Tumeshajaribu hayo, na watu wanaendelea kutuita "nyie Kulwa na Doto" hata akiwa amesimama mmoja. Mapacha wa kufanana wanatokana na yai moja lililogawanyika, lakini hata alama za vidole hazilingani. Siku ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mashine haikubabaika, ingawa yule kijana aliyeishika alikuwa ameshatuchanganya kabla hatujakaa.

Sasa lawama. Cath anaandika mtandaoni hadithi za kuendeleza vituko vya Simon Snow, mchawi kijana wa vitabu maarufu ambavyo Rowell amevitunga mwenyewe kwa ajili ya riwaya hii. Kazi hiyo aliianza na Wren, na Wren sasa ameiacha. Hilo ni zuri, maana unaona pacha akikimbiwa hata kwenye mchezo wao. Zuri pia ni pale mhadhiri wake wa uandishi anapoikataa kazi yake kwa kuwa wahusika ni wa kuazima, akiuhesabu kuwa wizi wa kitaaluma. Lakini kati ya sura na sura tumebandikiwa vipande vya hizo hadithi za Simon. Nilivisoma vya mwanzo kwa adabu, vilivyofuata nikaviruka, na sikupotea njia.

Halafu kuna Levi. Kijana mwema, mcheshi, ambaye kusoma kunampa taabu lakini akisikia kitu anakishika, hivyo Cath anamsomea kwa sauti. Sina ugomvi naye. Ila akishaingia anakula nafasi yote, na Wren anapotea kurasa nyingi. Kwa kuwa tunaona kila kitu kwa macho ya Cath, Wren anatokea pale tu Cath anapomwona: kwenye sherehe, kwenye simu, na hatimaye hospitalini baada ya kunywa pombe kupita kiasi. Nilimsimulia Kulwa kwenye simu, yeye anasoma Dodoma. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo anayetaka chumba chake ndiye mlevi?"

Sikuwa na jibu. Kulwa ndiye aliyejaza Dodoma kwenye maombi ya chuo bila kuniambia, na kule hajawa mlevi; amekuwa kiongozi wa kwaya. Kitabu kingempa Wren sura hata tano za kusema mwenyewe, tungejua ni nini kilichokuwa kinamkaba. Sisi akina Doto tunamwelewa Cath bila kusukumwa. Wanaohitaji kuelezwa ni hao wanaoondoka, na mwandishi amewaacha nje ya mlango.

Kwa upande wa lugha, Kiingereza chake ni cha mazungumzo, chepesi kuliko vitabu vya fasihi tulivyosomeshwa, japo utani mwingi ni wa Kimarekani na utakupita. Matusi yapo, pombe ipo, mapenzi hayafiki mahali pa kumfanya mzazi akifiche. Ningempa aliyemaliza kidato cha sita anayesubiri chuo, awe pacha au asiwe, hasa anayekwenda mahali ambako hamjui mtu. Mtoto wa kidato cha kwanza asubiri kidogo.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimemkata Levi.