Magitaa yasiyo na jina kubwa: lipi linafaa kununuliwa Dar es Salaam

Mtu anayeingia Kariakoo kutafuta gitaa lake la kwanza kwa kawaida hujikuta kati ya chaguo mbili: Yamaha, ambayo kila mwanakwaya anaifahamu, na magitaa ya rangi za kung'aa ambayo hayana jina la maana bali bei ndogo. Kati ya hizo mbili lipo kundi ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kuliangalia, la kampuni zenye kazi nzuri na jina dogo, na ndilo ninalolipanga hapa. Nimezingatia mlio, lakini nimezingatia zaidi uwezo wa gitaa kuvumilia hewa yetu ya pwani, kwa sababu watengenezaji wengi hushauri gitaa la mbao likae katika unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hapa mara nyingi unyevu hupita asilimia 70.

Nafasi ya kwanza naipa Cort bila kusitasita. Ni kampuni ya Korea Kusini iliyoanza mwaka 1973, na viwanda vyake vya Indonesia hutengeneza pia magitaa yanayouzwa kwa majina ya watu wengine, yakiwemo ya PRS SE, safu ya bei nafuu ya kampuni ya Marekani ya PRS, kwa hiyo mnunuzi hupata kazi ya mafundi walewale bila kulipia jina. Kwa anayeanza, AD810 inatosha kabisa: ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, la umbo kubwa, lenye sauti ya kujaza chumba, na shingo yake haimchoshi mwenye vidole vipya. Anayejua tayari kupiga na anayetaka mlio unaokomaa kadiri miaka inavyokwenda aongeze fedha achukue Earth 70, ambayo uso wake ni ubao halisi wa spruce, mti wa jamii ya misonobari. Haki inataka niseme pia kwamba kampuni hii ilifunga viwanda vyake vya Korea mwaka 2007, na mgogoro wake na wafanyakazi walioachishwa kazi haukumalizika hadi 2019; mnunuzi anayejali mambo hayo ana haki ya kuyapima.

Tofauti ya ubao halisi na plaiwudi inastahili maelezo, maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei. Tazama ukingo wa tundu la sauti kwa tochi ya simu: mistari ya mbao ikishuka kutoka usoni hadi ndani ya ukingo bila kukatika, huo ni ubao mmoja, ukiona matabaka yaliyobandikwa, ni plaiwudi. Ubao halisi huimba vizuri zaidi, lakini pia hunyonya unyevu zaidi, na ukivimba huinua daraja, kile kipande cha usoni kinachoshikilia nyuzi, na nyuzi zikapanda mbali na shingo. Kwa gitaa litakaloning'inia ukutani nyumbani Kigamboni, madirisha wazi usiku na mchana, plaiwudi nzuri ni uamuzi wa busara na si wa umaskini.

Nafasi ya pili ni Enya, kampuni ya China, hasa Nova Go yake ambayo haina mbao kabisa, kwani imefinyangwa kwa polikaboneti iliyotiwa kaboni. Mlio wake ni mkavu kidogo na umbo lake ni dogo, hivyo mpigaji wa kanisa kubwa hataridhika nalo bila kipaza sauti. Hata hivyo, kwa mwalimu anayezunguka na gitaa kwenye daladala, au kwa anayepiga ufukweni, sijui chombo kinachosumbua kidogo kuliko hicho.

Kwa gitaa la umeme peke yake ningeitanguliza Harley Benton kuliko Enya. Ni jina la duka la Thomann la Ujerumani, na halipatikani kwingine, ndiyo maana bei yake iko chini kiasi hicho. ST-20 ina pikapu (vinasa mlio wa nyuzi) tatu nyembamba zinazotoa mlio safi, mlio ambao solo na rithim za muziki wa dansi zinauhitaji ili kila gitaa lisikike mahali pake. Tatizo ni safari: usafirishaji na ushuru vinaweza kula faida yote, kwa hiyo linafaa pale tu ndugu anaporudi kutoka Ulaya na yuko tayari kulibeba.

Sigma, jina lililoanzishwa na Martin wa Marekani mwaka 1970 na ambalo leo haliko tena mikononi mwake, ni gitaa zuri, lakini hapa mjini kulipata ni kwa kubahatisha. Eastman ni bora kuliko yote niliyoyataja, ila nyingi ni za mbao halisi tupu, na nyumba isiyo na kiyoyozi itazitesa.

Magitaa yasiyo na jina nayaweka mwisho, ingawa siyakatai yote, kwa sababu katika safu moja dukani unaweza kukuta bovu na zima vikiwa bei moja. Yapime. Chukua kadi tatu za benki, zipange pamoja, uzipitishe chini ya uzi mnene kabisa kwenye chuma cha 12 cha shingo, ukihesabu kutoka kichwani. Unene wake ni kama milimita 2.3, na zinapaswa kupita zikibakiza nafasi ndogo tu. Zikipita tano kwa ulaini, liache, kwa kuwa vidole vitauma na mwanafunzi atakata tamaa. Kisha kaza nyuzi kwa kufuata programu ya simu ya kupimia noti, ubonyeze kila uzi hapohapo kwenye chuma cha 12: programu isipoonyesha noti ileile ya uzi mtupu, ila oktavo moja juu, gitaa hilo halitakubaliana na kinanda kamwe. Muuzaji asiyeruhusu upimaji huu asipewe fedha.

Tenga sehemu ya bajeti kwa fundi wa kurekebisha shingo na kwa seti ya nyuzi zilizopakwa utando wa kuzuia kutu, zenye uzi mwembamba kabisa wa inchi 0.011 kwa anayeanza na gitaa kavu, maana jasho na chumvi ya hewa hii huua nyuzi za kawaida upesi. Na ukiletewa amplifaya kutoka Marekani, soma kwanza kibandiko cha nyuma: ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma.