Godox TT600, miezi mitano na magari ya madalali wa Moshi

Gari la kwanza kulipiga kwa flashi hii lilikuwa Subaru Forester nyeusi, namba D, ya dalali mmoja wa Majengo ambaye huniita "mdogo wangu" hasa siku ambazo hana hela. Nikaiweka flashi juu ya stendi, nikaielekeza mlangoni, nikabonyeza. Kwenye kioo cha kamera likatokea gari jeusi lenye kidoa cheupe katikati ya mlango, utadhani mtu kabandika stika. Chini ya kidoa, ukikuza picha, stendi nzima inaonekana, na pembeni yake mimi nimeinama na kapelo yangu. Dalali akachungulia, akasema, "Mdogo wangu, tunauza gari au tunakuuza wewe?"

Flashi yenyewe ni Godox TT600. Niliinunua pamoja na triga yake, yaani kidude cha kuilipua kwa mbali, X2T ya kamera za Canon, vyote vimeshatumika, kwa kijana aliyekuwa anafunga mizigo kurudi Dar. Jumla nilitoa laki mbili na themanini. Kamera yangu ni Canon 700D na lenzi ni ileile ya 18-55 ambayo ilikuja nayo. Tangu hapo napiga magari ya kuuza hapa Moshi, na mara mojamoja naitwa Arusha, na swali ninaloulizwa kila wiki ni kama inafaa kwa anayeanza. Inafaa. Ila ukiinunua ukitegemea kwamba ukiiwasha tu gari litang'aa kama la kwenye kalenda, utaiuza kabla mwezi haujaisha. Nahisi ndicho kilichomkuta yule wa Dar.

TT600 haijipimii mwanga. Unachagua nguvu mwenyewe, kuanzia 1/1, yaani nguvu kamili, hadi 1/128, nayo inafanya ulichoiambia, hata kama ulichoiambia ni upuuzi. Kwenye harusi hilo lingenitoa jasho, maana bi harusi hasubiri uhesabu. Gari limeegeshwa, halikonyezi wala halichoki. Unapiga, unatazama, unapunguza, unapiga tena. Hapo ndipo nilipoelewa umbali. Nilikuwa nairudisha stendi kutoka mita 2 hadi mita 4 nikidhani mwanga utabaki nusu, kumbe unabaki robo. Kwa hiyo ukiongeza umbali mara mbili, kama ulikuwa 1/16 unapanda hadi 1/4. Nimeyaandika kwa maka pembeni ya flashi, na hiyo imeishushia bei siku nikitaka kuiuza, lakini sijali.

Triga inakaa juu ya kamera na kuongea na flashi kwa redio. Kipokezi kimo ndani ya flashi, kwa hiyo hakuna waya wala kidude cha kuongeza. Naibadilisha nguvu nikiwa nimesimama kwenye kamera, bila kuifuata flashi ilipo. Nimeshaificha nyuma ya siti ili imulike ndani ya gari, ikalipuka bila kukosa hata mara moja. Kwangu triga hii ndiyo iliyostahili hela kuliko flashi yenyewe.

Siku ya tatu nikapata picha ambayo nusu ya gari ni giza tupu, kama pazia limeshushwa. Nikajua nimeuziwa kimeo. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia kijana wa Dar ujumbe mrefu usio na salamu ndipo nikaona shata yangu, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga, iko kasi ya 1/500 ya sekunde. Kwa 700D, ukitumia flashi mwisho ni 1/200; ukizidisha, pazia la shata linakuwa limeanza kufunga wakati flashi inalipuka. Kwenye triga kuna namna ya kuruhusu kasi kubwa zaidi, lakini flashi inapoteza nguvu nyingi mno. Ukijaribu hivyo saa nane mchana na jua la Moshi hili, ni sawa na kuwasha kibiriti uwanjani. Mchana nalala.

Sasa kidoa. Nilikitafutia dawa wiki mbili. Nikasogeza flashi kushoto, kikahamia kwenye taa. Nikainua juu, kikakaa kwenye boneti. Mwishoni nikapanda basi hadi Arusha kumwona mzee mmoja mwenye studio upande wa Kaloleni, aliyepiga picha tangu enzi za filamu. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama picha zangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Unalimulika gari," akasema. "Hiyo rangi ni kioo. Ukikimulika kioo unaona taa. Tafuta kitu kikubwa cheupe, kimulike hicho, halafu gari likitazame." Kisha akaniagiza nikamletee soda.

Kitu kikubwa cheupe nilikipata kwenye mitumba ya Memorial: shuka la futi sita kwa sita, shilingi 4,000. La kwanza lilikuwa na maua ya bluu, nikaona si kitu, maua yataonekana wapi? Yakaonekana mlangoni. Nikarudi kununua jeupe kabisa. Vijana wawili wanaoosha magari walilishika huku na huku sambamba na ubavu wa Forester, nikaweka flashi nyuma ya kamera kidogo, nikaifungua imwage mwanga kwa upana wake wote, 20mm, nikaielekeza kwenye shuka badala ya gari. Kidoa kikapotea. Mahali pake ukapita mstari mrefu mweupe kutoka bampa la mbele hadi taa ya nyuma, ukifuata mkunjo wa mlango, na kwa mara ya kwanza ile Forester ikawa na umbo. Kijana mmoja aliyeshika shuka akauliza kama gari limepigwa polishi.

Ukitaka kujua uhondo wote wa flashi hii, toka nayo jioni. Mimi huenda barabara ya TPC, kiwanda cha sukari, gari likiwa na mlima nyuma yake. Mchana Kibo hujifunika mawingu, lakini jioni mara nyingi hufunguka, na theluji yake inageuka rangi ya chungwa kwa dakika chache. Jua likishazama, mbingu ya magharibi inakuwa shuka kubwa kuliko lolote la Memorial, na boneti yote inaipokea. Kinachobaki gizani ni rimu, bampa na sehemu ya chini ya milango. Kazi ya flashi ni hapo tu.

Naiweka kamera kwenye tripodi, ISO 100 ili isivute mwanga sana, f/8 ili tundu la lenzi libane, naanza na shata ya 1/15. Huku kwetu jua linazama wima, giza haliombi hodi. Baada ya dakika kumi nimeshafika nusu sekunde. Flashi haijali shata ikikaa wazi muda mrefu, kwa sababu mlipuko wake ni mfupi mno. Anayebadilika ni mbingu peke yake. Kwa hiyo napiga moja ya mbingu, kisha naitoa flashi kwenye stendi, naishika mkononi na kulizunguka gari: moja kwa kila rimu, moja ya bampa, moja ya pembeni. Zinafika kumi hivi. Nyumbani nazipanga moja juu ya nyingine kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure, na kuiambia ichukue kilichong'aa zaidi katika kila picha. Mimi mwenyewe, nikivaa nguo nyeusi, nafutika. Mwanzoni binti wa dada yangu ndiye aliyekuwa anabonyeza kamera, lakini kila akibonyeza inacheza kidogo, na picha zikipishana hata kwa unywele hazipangiki. Siku hizi naweka kipima muda cha sekunde 10 na kukimbia.

Betri ni nne ndogo za AA. Usitie za dukani za bei rahisi. Kwenye nguvu kamili utasubiri hadi usahau ulikuwa unapiga nini. Za kuchajiwa, seti mbili, zinanitosha jioni nzima kwa sababu sipandi zaidi ya 1/4. Upepo ni suala lingine. Pale TPC flashi iliwahi kuanguka na stendi yake kwenye vumbi, kosa langu, sikuning'iniza chochote. Ilipata mkwaruzo tu. Sasa nabeba mfuko wa salfeti wenye mchanga, na bodaboda wangu anaongeza mia tano kwa ajili ya uzito.

Mahali iliponishinda ni Arusha. Niliitwa Njiro kupiga Land Cruiser ya safari, ile iliyorefushwa, paa la kufunguka. Gari refu, refu kwenda juu pia, rangi ya mchanga iliyopauka. Shuka langu lilifika nusu ya ubavu. Nilipiga vipande 22 na kukesha kuviunganisha, na bado upande wa nyuma unaonekana umepigwa siku nyingine. Kama kazi yako ni magari hayo, usianze na TT600 moja. Nunua mbili, au jichange hadi upate AD200, flashi nyingine ya Godox ambayo ina nguvu zaidi na inaitika kwa triga hiihii. Kwa IST, Mark X, Crown na Subaru za madalali, moja inatosha.

Forester iliondoka wiki ya pili baada ya picha za shuka. Dalali anasema iliuzwa na bei, picha hazikuchangia kitu. Juzi nilimfuata Majengo kudai elfu ishirini yangu, nikamkuta amekaa kivulini anakunywa chai. Aliponiona tu akatabasamu, akavuta kiti: "Karibu, mdogo wangu."