Walinifungia filta ya "nguvu", wakauza boksi la pikapu yangu

Naanza na boksi, maana hasira yangu yote iko hapo.

Nasema lile boksi jeusi la plastiki ambamo filta ya hewa hukaa, pembeni ya injini. Kijana wa duka moja la spea hapa Nakuru alilifungua kwenye pikapu yangu, akaliweka sakafuni, na niliporudi kulitaka baada ya majuma machache akaniambia, "Mathe, hiyo ilikuwa taka." Taka! Boksi lililokuja na gari, halina ufa, klipu zake zote zinabana. Mwenzake akaropoka kwamba mteja fulani alishalinunua.

Mimi hubeba waru, yaani viazi, kutoka Molo na Mau Narok, napeleka soko la Kibuye, Kisumu. Naendesha mwenyewe. Pikapu ni ya dizeli, ina tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini), na ndiyo inayolisha nyumba yangu. Anayezijua barabara za mashambani huko juu wakati wa kiangazi analijua lile vumbi: laini kama unga wa kusiaga, linaingia hata kwenye pochi iliyofungwa zipu. Filta ya karatasi ilikuwa ikijaa upesi nami nikachoka kununua nyingine kila mara. Ndipo nikaenda kuuliza kuhusu zile za kitambaa cha pamba kilichotiwa mafuta, ambazo unaosha na kuzirudisha.

Niliuliza swali moja tu: itazuia vumbi kama karatasi? Kijana akamtazama mwenzake, kisha akasema nimwambie mzee wa nyumbani aje, wataongea naye mambo ya injini. Mambo ya injini! Gari nimelinunua mimi, kwa jasho la waru. Nilipaswa kuondoka dakika ile, na mpaka leo sijui kwa nini nilibaki.

Alipojua pesa ni zangu akabadilika, akawa mwalimu: Nakuru tuko juu, karibu mita 1,850, hewa ni nyepesi, injini inabanwa pumzi. Tuondoe boksi, tuweke bomba la chuma na filta ya wazi yenye umbo la pia, na utaona utakavyopanda mlima wa Sachangwan na mzigo. Nikalipa Sh14,000.

Nikiri kwamba siku za kwanza niliipenda sana. Nikikanyaga mafuta, gari lilivuma, tabo ikapiga mluzi, nami nikaamini nguvu imeongezeka. Niliwasifia hata wenzangu sokoni. Kumbe kilichoongezeka ni kelele, kwa sababu boksi lililokuwa likiizima halikuwepo tena.

Halafu ikaja ile safari. Alfajiri ya Jumapili, siku kubwa ya Kibuye, nimejaza magunia, nimepita Salgaa, naanza kupanda Sachangwan. Taa ya injini ikawaka. Nakanyaga, gari haliitiki, kama limefungwa kamba kwa nyuma. Gia ya pili, kisha ya kwanza. Malori nyuma yangu yanapiga honi, giza bado. Pale si mahali pa kukwama. Mwaka 2009 watu zaidi ya 100 waliteketea hapo katika moto wa lori la mafuta, na kila dereva wa njia hii anakumbuka. Nilipanda nikisali kwa sauti.

Nilifika Kisumu mchana, wateja wangu wameshanunua kwa wengine. Fundi wa jua kali karibu na soko akafungua boneti na kuniita, "Nyar Nakuru (binti wa Nakuru), njoo uone kwa macho yako." Hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Akachomoa sensa ya hewa, yenye kijiwaya chembamba kinachopashwa moto ili kompyuta ijue hewa kiasi gani inaingia. Kilikuwa kimelowa mafuta na kugandwa na vumbi. Kompyuta ikadhani hewa imepungua, ikapunguza dizeli. Yule kijana aliimiminia filta mafuta kama anakaanga mandazi.

Fundi akapitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya filta, kikatoka na vumbi jekundu. Hapo ndipo nilipolia. Vumbi hilo linakula mapezi ya tabo, linasaga ringi na kuta za silinda, na hakuna taa inayowaka kukuonya. Akanieleza pia kwamba nguvu ya dizeli inatokana na dizeli inayochomwa. Hewa ya ziada bila mafuta ya ziada haiongezi kitu. Na hewa ya Nakuru ni nyepesi nje na ndani ya filta. Kuisukuma ni kazi ya tabo. Tena ile filta ya wazi inavuta hewa ya moto kutoka kwenye injini, wakati boksi langu lilikuwa likivuta ya baridi kutoka pembeni, nyuma ya taa.

Boksi lingine, lililotumika, nililipata Nairobi, Kirinyaga Road, kwa bei iliyozidi hiyo filta.

Sitaki kuionea filta yenyewe. Fundi anasema ya pamba inayokaa ndani ya boksi la gari, ikipakwa mafuta kidogo na kuachwa mafuta yaenee, inaweza kumfaa mtu wa kuzunguka mjini kwenye lami. Labda. Labda kosa ni la kijana tu. Lakini nikikumbuka lile vumbi kwenye kidole, hapana! Kwa mtu wa Mau Narok siipendekezi, hata akipewa bure, hata ikifungwa na fundi mzuri.

Nimerudi kwenye karatasi, Sh1,800, naibadilisha mapema, na siruhusu mtu wa petroli kuipuliza kwa kompresa, maana presha ile inatoboa karatasi matundu usiyoyaona. Bado nafikiria lile bomba la kupandisha mdomo wa hewa hadi usawa wa paa, ambako vumbi ni kidogo. Nitaamua mavuno yakiisha.

Boksi la sasa nimeliandika namba ya gari kwa rangi nyeupe, ndani na nje.